Picha Ilichomwa, Mchoro Ukabaki

Katika nyumba nyingi za askari nilizopata kuingia, makambini na katika kota za polisi, ukutani hutundikwa picha moja iliyo juu kuliko nyingine zote. Ni picha ya baba mwenye nyumba akiwa amevaa sare, mgongo umenyooka, kofia imekaa sawa, vifungo vinang'aa, na kama anazo nishani basi zote zipo kifuani. Mke ndiye mwenye kuipangusa vumbi. Mgeni akiketi, macho yake hukutana nayo kabla hajaletewa chai. Hapana ubaya wowote katika desturi hiyo. Hata nyumbani kwetu ilikuwapo, na nitaieleza kabla sijaweka kalamu chini.

Lakini juma hili napenda tuzungumze juu ya picha ya namna nyingine, isiyotundikwa ukutani: mchoro wa kwanza, ule ambao mchoraji huuchora kwa mkaa au kwa penseli ili ajipatie njia, kisha akauweka kando.

Watu wasiowahi kumwona mchoraji wa sura akiwa kazini hudhani kwamba huketi mbele ya mtu, akachukua brashi na rangi, akaanza juu akamaliza chini, kama mtu apakaye chokaa ukutani. Sivyo. Mchoraji huanza kwa karatasi. Huchora jicho peke yake, mkono peke yake, namna kichwa kilivyokaa juu ya mabega. Huchora mara tano, mara kumi, akakosea, akaacha katikati. Akisha kuridhika, mara nyingi hupiga miraba midogo juu ya mchoro wake, kisha hupiga miraba mikubwa kwa hesabu ile ile juu ya turubai, akauhamisha mchoro mraba kwa mraba. Askari aliyefundishwa kusoma ramani atanielewa upesi, kwa maana ndivyo kilima na mto vinavyohamishwa kutoka ramani ndogo kwenda ramani kubwa. Hapo ndipo rangi huanza. Ile michoro ya kwanza kazi yake imekwisha. Hutiwa sandukuni, au hutupwa. Haikukusudiwa kuonwa na mtu, na kwa sababu hiyo mchoraji huwa hajaanza bado kumwogopa mtu anayemchora.

Kisa ninachotaka kukisimulia kilitokea Uingereza mwaka 1954. Mwenye kuchorwa alikuwa Sir Winston Churchill, Waziri Mkuu wa nchi hiyo. Wazee wetu wa Keya hawahitaji kuelezwa ni nani, kwa maana ndiye aliyekuwa akiongoza serikali ya Uingereza walipopelekwa vitani Uhabeshi, Madagaska na Burma. Vijana nao wanalijua jina la Lulu ya Afrika ambalo nchi yetu ya Uganda huitwa. Sifa hiyo ya lulu aliieneza yeye, baada ya kupita hapa mwaka 1907 akiwa kijana katika Wizara ya Makoloni, na kuandika kitabu cha safari hiyo mwaka uliofuata. Sitaki kumsifu wala kumlaumu kwa siasa zake. Wenzetu wa Kenya wanayo mengi ya kusema juu ya serikali yake na miaka ya hali ya hatari, nao wana haki ya kuyasema. Hapa namtaja kama mtu mzee aliyeombwa akae kitini achorwe.

Tarehe 30 Novemba 1954 alikuwa atimize miaka 80. Wabunge wa mabaraza yote mawili ya Bunge la Uingereza, wa chama chake na wa upinzani pia, walichanga fedha wampe zawadi. Wakaafikiana kwamba zawadi iwe picha yake iliyochorwa kwa rangi za mafuta, na malipo ya mchoraji yakawa gini 1,000, yaani paundi 1,050 kwa hesabu ya fedha ya siku hizo. Wengi walitarajia kwamba Sir Winston angekaa na picha hiyo maisha yake yote, na baada ya kufa kwake ingetundikwa katika majengo ya Bunge.

Mchoraji aliyechaguliwa aliitwa Graham Sutherland. Alikuwa na umri wa miaka 51, mtu mwenye jina kubwa katika sanaa ya kisasa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa miongoni mwa wachoraji walioajiriwa na serikali kuchora hali ya vita. Alichora mitaa ya London iliyobomolewa kwa mabomu, na migodi, na viwanda vya kuyeyushia chuma. Kuchora sura za watu alikuanza akiwa mtu mzima, mwaka 1949, kwa picha ya mwandishi Somerset Maugham. Picha hiyo haikumbembeleza mwenyewe hata kidogo: ilimwonyesha mzee mwenye mikunjo, midomo imeshuka, akitazama dunia kama mtu aliyekwisha kuijua bei yake. Kwa hiyo waliomchagua Sutherland hawakuwa na sababu ya kusema kwamba hawakujua tabia ya mkono wake.

Agosti ya mwaka huo vikao vilianza huko Chartwell, nyumba ya Sir Winston iliyo katika jimbo la Kent. Inasimuliwa kwamba mzee alimwuliza mchoraji hivi: je, utanichora kama malaika mdogo, au kama yule mbwa mkali wa Kiingereza? Mchoraji akamjibu kwamba hilo litategemea yeye mwenyewe atamwonyesha kitu gani. Jibu zuri, lakini nadhani mzee angalishika vizuri maana yake siku ile ile, pengine kikao kingaliishia hapo.

Tena Sir Winston naye alikuwa mchoraji, ila wa kujifurahisha. Alianza kushika brashi mwaka 1915, alipoondolewa katika uongozi wa jeshi la majini kwa sababu ya maafa ya Gallipoli, na akaendelea hata uzeeni. Alichora mandhari ya nchi, bahari, bustani, bwawa la samaki la nyumbani kwake. Kwa hiyo alipokuwa ameketi akitazamwa alijua jinsi mchoraji anavyotazama. Alitaka achorwe katika joho lake la Garter, heshima kubwa aliyopewa na Malkia mwaka uliotangulia. Wenye kutoa fedha wakakataa. Walitaka avae kama wanavyomwona kila siku Bungeni, koti jeusi, suruali yenye mistari, na tai yake ya kipepeo yenye madoadoa. Msomaji atazame jambo hilo kwa makini, kwa maana kila askari analijua: mtu avuapo sare yake rasmi, anabaki na nini?

Kulikuwa na jambo jingine ambalo wananchi wa Uingereza hawakuambiwa. Juni 1953 Sir Winston alipatwa na kiharusi. Wakubwa serikalini walilificha, magazeti yakanyamaza, na mzee akajikongoja mpaka akasimama tena. Mwaka mmoja baadaye ndipo akaja mtu na karatasi na mkaa, akakaa mbele yake siku baada ya siku, kazi yake ikiwa kutazama uso. Madaktari walificha, mawaziri walificha, lakini mkaa haukula kiapo cha kutunza siri.

Sutherland alichora michoro mingi. Alichora kichwa kutoka mbele na kutoka ubavuni, akachora macho, pua na mdomo peke yake, akachora mikono. Mingine aliifanya kwa mkaa na penseli, mingine kwa rangi za mafuta juu ya vipande vidogo vya turubai. Zilipigwa pia fotografia za kumsaidia, kwa maana mzee hakuwa mtu wa kutulia. Hakupenda kumwonyesha mtu kazi kabla haijaisha. Kisha akaichukua michoro hiyo yote nyumbani kwake, akajifungia, akachora picha kubwa yenyewe: Sir Winston ameketi kitini, mikono imeshika sana mbao za kiti, mwili mzito umejaa fremu, uso umekunja, na miguu ikipotelea katika giza la chini. Rangi zenyewe ni za udongo na za majani makavu.

Nimezitazama nakala za michoro kadhaa, na nakala ya picha kubwa ambayo fotografia zake zimesalia. Sipendi kujifanya mjuzi wa sanaa, lakini nitasema nilivyoona. Picha kubwa ni ya kiongozi anayepigana na kiti chake. Michoro ni mipole zaidi. Katika michoro mdomo hauna ubishi. Macho yamekwenda mbali kama ya mtu aliyeitwa na jambo la zamani. Ngozi ya chini ya kidevu imelegea kama ya babu yeyote, wa Kent au wa Kitgum. Mahali pengine mchoraji amepiga mstari mmoja wa bega akauacha. Hakuna kiti, hakuna tai, hakuna Bunge.

Siku chache kabla ya sherehe, Sir Winston alionyeshwa fotografia ya picha hiyo, na ghadhabu ikampanda. Alimwandikia mchoraji kwamba sherehe itafanyika bila ya picha. Ikabidi mbunge mmoja wa kamati aje kumweleza kwamba zawadi ya wabunge haikataliwi namna hiyo, watu wataumia. Mzee akalainika. Siku ya kuzaliwa kwake ilipofika, katika Ukumbi wa Westminster, mbele ya wabunge wote na mitambo ya televisheni, pazia likaondolewa. Sir Winston akasimama, akasema kwamba picha hii ni mfano wa ajabu wa sanaa ya kisasa. Ukumbi mzima ukacheka. Nasikitika kusema kwamba hicho ni kicheko ninachokifahamu. Ni kile cha watu wanaomcheka mtu aliyesimama miongoni mwao, naye hana ruhusa ya kujibu. Mchoraji alikuwapo ukumbini.

Picha ikapelekwa Chartwell. Haikutundikwa hata siku moja.

Sasa tumfikie Bibi Clementine Churchill, kwa maana ukurasa huu ni wa nyumbani, na jambo hili liliamuliwa nyumbani. Waliooana mwaka 1908 walikuwa wamekaa pamoja miaka 46. Aliishi naye alipokuwa juu na alipoangushwa; mwaka 1916 alimngoja aliporudi kutoka mahandaki ya vita; alizika naye mtoto wao mdogo mwaka 1921; alimwuguza. Alimwona mumewe akiumia kwa sababu ya picha ile, akiizungumza, akiikumbuka. Akamwahidi kwamba haitaonekana tena. Wala haikuwa mara yake ya kwanza. Picha nyingine za mumewe asizozipenda alikwisha kuziharibu miaka ya nyuma.

Ilikuwa imefichwa katika chumba cha chini ya nyumba. Haukupita muda mrefu, katibu wake, mtumishi mwaminifu wa miaka mingi, pamoja na kaka yake, waliitoa usiku wakaipakia garini. Haikuwa picha ndogo. Urefu wake ulikuwa karibu mita moja na nusu. Wakaipeleka nyumbani kwa huyo kaka, maili kadhaa kutoka pale, wakawasha moto nyuma ya nyumba mahali pasipoonekana na wapita njia, wakaichoma ikawa majivu. Asubuhi bibi akaarifiwa. Hakuna aliyesema neno.

Siri ikakaa zaidi ya miaka ishirini. Sir Winston alifariki Januari 1965. Wakuu wa majumba ya picha walipouliza habari za picha ile hawakupata jibu la maana. Bibi Churchill alifariki Desemba 1977, na mwanzo wa mwaka 1978 ndipo familia ilipotangaza kwamba picha haipo, iliharibiwa zamani kwa amri yake. Sutherland alikuwa hai bado. Alisema kwamba kitendo hicho ni uharibifu. Miaka miwili baadaye naye akafariki.

Magazeti ya Uingereza yaligawanyika. Wengine walisema mwenye zawadi ana hiari na zawadi yake. Wengine wakasema picha ya mtu kama huyo, iliyolipiwa na wabunge wa taifa zima, si mali ya mke. Nimeyafikiria maneno ya pande zote mbili kwa muda mrefu. Nakiri kwamba kila ninapokaribia kumhukumu bibi yule, namwona ameketi mbele ya mumewe mezani asubuhi, na mzee hali, kwa sababu ya turubai. Mwanamke aliyeolewa na askari anaelewa. Yeye ndiye anayemfunga mume vifungo mkono unapotetemeka. Yeye ndiye anayesema mlangoni kwamba mzee amelala, kumbe mzee analia. Kazi ya kumlinda mume mbele za watu haimo katika kanuni za jeshi, nayo hailipwi posho.

Hata hivyo alimdhulumu mchoraji. Miezi ya kazi ya mtu mwingine, na tena kazi iliyo bora, ilichomwa nyuma ya nyumba kama mashuka ya mgonjwa. Upendo wake haukumpa haki hiyo. Nalisema hilo nikijua kwamba baadhi ya akina mama wanaosoma ukurasa huu watanikasirikia.

Jambo ambalo bibi hakuliweza ni michoro. Haikuwa mali yake, wala haikuwa nyumbani mwake. Yale makaratasi ambayo mchoraji aliyachora ili ajipatie njia, na ambayo kwa desturi yangalitupwa, yalibaki mikononi mwa Sutherland na marafiki zake. Leo baadhi yake imo katika Jumba la Taifa la Picha za Watu huko London. Mingine imo katika jumba la sanaa la mji wa Fredericton nchini Kanada, lililojengwa na Lord Beaverbrook, rafiki wa Churchill ambaye naye alikwisha kuchorwa na Sutherland. Mwaka 2018 mafundi walijaribu hata kuiunda upya picha iliyochomwa, kwa kutegemea michoro na fotografia. Na Aprili 2024, kimojawapo cha vile vipande vidogo vya rangi za mafuta, kichwa peke yake, kilionyeshwa Blenheim katika chumba kile kile ambamo Churchill alizaliwa. Juni mwaka huo kikauzwa kwa mnada London kwa paundi 660,000. Mchoraji mwenyewe, kwa kazi nzima, alilipwa paundi 1,050. Kwa hiyo uso ambao mke alitaka usionekane tena umeonwa na watu wengi kuliko ambavyo ungalionwa kama picha ingaliachwa ikae gizani mwa nyumba yao.

Niliahidi kuieleza picha ya nyumbani kwetu.

Baba yangu mzazi alikuwa mtu wa Keya. Aliandikwa Jinja, na mwaka 1944 alikuwa Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakaliteremka bonde la Kabaw katika mvua ambayo hadi uzee wake alisema hakuona nyingine mfano wake. Alirudi akiwa sajini. Mwaka 1946 aliingia katika studio ya Mhindi mmoja mjini Jinja akapiga picha, akiwa na sare na nishani zake, na mpiga picha akamgeuza kidogo upande wa kulia. Picha hiyo ndiyo iliyokaa ukutani kwetu. Mama aliipangusa kila Jumamosi kwa kipande cha kanga kilichowekwa kwa kazi hiyo tu.

Mwaka 1986 baba alikuwa mgonjwa, amekwisha kukonda. Jirani yetu alikuwa na kijana aliyesomea uchoraji Makerere, naye alipokuja likizo aliomba amchore mzee. Baba akafurahi. Alitaka sare itolewe sandukuni, lakini ilikuwa kubwa mno kwake, ikaonekana kama imetundikwa juu ya kigingi. Basi akaketi na shati lake la nyumbani chini ya mwembe. Kijana akachora kwa penseli siku mbili. Siku ya tatu baba hakuweza kuketi. Kijana akasema atamalizia mzee apatapo nafuu, akaacha karatasi kwetu. Nafuu haikuja. Baba alifariki kabla ya mwezi kwisha.

Baada ya matanga mama alinipa ile karatasi. "Mwanangu," akaniambia, "huyu siye mume wangu. Watoto wenu wasije wakamjua hivi. Kaichome."

Nikaichukua nyuma ya nyumba. Maharage yalikuwa jikoni. Nikasimama mbele ya moto nikaikunjua. Kijana alikuwa ameanza na kichwa, akakimaliza karibu chote. Ukosi wa shati ulikuwa mstari mmoja, mikono haikuwapo. Lakini sikio la kushoto lilikuwapo, na ncha yake iliyokatwa na kipande cha kombora huko Burma. Kwenye picha ya ukutani halionekani. Ndiyo sababu yule Mhindi alimgeuza. Sisi watoto tulilikuwa nalo sikio lile. Tulipobebwa mgongoni ndilo tulilolishika. Miaka yote hiyo sikuwa nimetambua kwamba katika picha yetu ya ukutani halipo.

Nikachoma magazeti makuukuu. Moshi ukapita dirishani.

"Umekwisha?" akauliza mama kutoka ndani.

"Umekwisha, mama."

Hakuuliza tena mpaka alipofariki mwaka 2001, na mimi sikumwambia. Si jambo la kujivunia. Bibi Churchill alimtii mumewe kwa moto. Mimi nilimwasi mama yangu kwa moto wa magazeti, kisha nikala maharage yake. Dada yangu, niliyemfunulia habari hii baada ya mazishi, alinikemea. Alisema kwamba mama alikuwa na haki ya kuagiza, kwa kuwa ndiye aliyemlisha baba kwa kijiko miezi ile yote. Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Hakutaka kuitazama karatasi hiyo, wala hajaitazama.

Imo ndani ya sanduku langu la chuma, kati ya kadi mbili nene. Mwaka jana mjukuu wangu wa miaka sita alinikuta nimeifungua. Akaitazama kwa muda, akaniuliza mbona mtu huyu hana mikono. Nikamwambia mchoraji alikuwa bado hajaifikia. Akatazama tena, kisha akaunyosha mkono wake polepole mpaka kwenye sikio langu, akaishika ncha yake, akataka kujua la mzee huyu lilikwenda wapi. Tukaketi, nikaanza kumsimulia habari za Burma.